Vijiko Viwili vya Rangi Nyeupe

Hotuba kwa wanafunzi na wazazi, Katuba, Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwezi wa Machi

Bamama, bapapa, nanyi vijana mliosimama huko mlangoni kwa kukosa viti, nawasalimu wote.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumze juu ya redio, televisheni na matangazo ya biashara, jinsi vinavyotufundisha mwanaume ni nani na mwanamke ni nani. Nilikaa na barua hiyo siku mbili kabla ya kujibu. Mada hii ina wasomi wake, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi hakiko mbali na hapa. Lakini msomi hulikuta bango limeshakauka, na mimi nimelishika likiwa bichi. Kwa miaka 33 kazi yangu imekuwa kuchora kwenye kuta za mji huu: saluni, baa, maduka ya dawa, vinyozi, mashine za kusaga. Ukipita mitaa ya mji wetu, Kenya, Kamalondo au hapa Katuba, huenda umeshakutana na mwanamke niliyemchora mimi. Kwa hiyo nitasema ninayoyajua, na mengi kati ya hayo nimeyatenda kwa mkono huu.

Nianze na rangi.

Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa na makopo matatu ya kuchorea ngozi: kahawia, nyekundu na nyeupe. Wiki ya kwanza alinipa hesabu yake. Mwanaume ni kahawia na tone la nyekundu, basi. Mwanamke ni kahawia ileile, halafu nyeupe vijiko viwili. Mwanamke wa saluni, vitatu. Nikamuuliza kwa nini mume na mke waliozaliwa mtaa mmoja wasiwe na ngozi moja. Akanijibu, “Mteja ndivyo anavyopenda, mtoto.” Sikuuliza tena. Hesabu ile ikaniingia mkononi, nikawa nachanganya bila kufikiri, kama mama anavyotia chumvi kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

Miaka kama 15 iliyopita, mama mmoja wa Kenya aliniita nimchoree ukuta wa saluni yake. Yeye mwenyewe alikuwa mweusi wa kupendeza, mwenye ile ngozi inayong'aa bila kupakwa kitu. Nikachora msichana aliyesukwa, mkono mmoja ameuweka shingoni. Mama akatazama, akasema, “Bado kidogo.” Nikaongeza nyeupe. “Bado.” Nikaongeza tena. Mara ya tatu akaridhika.

Binti yake, wa miaka 6 au 7, alikuwa amechuchumaa karibu na makopo yangu. Sikumjali mpaka aliposimama, akaenda ukutani, akaunyosha mkono wake sambamba na mkono wa yule msichana niliyemchora. Akaangalia wake, akaangalia ule wa ukutani. Kisha akarudi, akachovya vidole kwenye kopo la nyeupe, akajipaka kutoka kiwiko hadi kiganja. Mama yake akacheka, akamwambia aache kuchezea rangi ya watu. Mimi nikachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, nikamfuta. Haikutoka upesi. Mtoto alinyamaza tu, akiutazama mkono wake unavyorudi kuwa mweusi.

Katika ua ule hakuna aliyemwambia mtoto yule kwamba rangi yake ina kasoro. Mama yake hakusema, mimi sikusema. Aliona picha, akajipima nayo. Tangazo hufanya kazi hivyohivyo. Halimwamuru mtu. Linasimamisha mfano ukutani, halafu linakuacha ujipime mwenyewe, kila siku, unapokwenda sokoni na unaporudi.

Mnajua mahali kipimo hicho kinapofikia. Kinafikia kwenye kopo la krimu. Krimu nyingi za kujichubua zinauzwa zikiwa na haidrokwinoni, ambayo ukiitumia muda mrefu inaweza kukuachia madoa meusi yasiyotoka, ngozi ikawa nyeusi zaidi pale pale ulipotaka iwe nyeupe. Nyingine zina zebaki, na zebaki hupita kwenye ngozi ikaenda kuumiza figo. Nchi nyingi zilikubaliana mwaka 2013, katika mkataba uliopewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako zebaki ya kiwanda iliua na kulemaza watu, kwamba vipodozi vyenye zebaki visitengenezwe wala kuuzwa kutoka nchi hadi nchi. Mwanzoni waliacha nafasi ya kiasi kidogo sana. Mwaka 2023 wakakubaliana kuiondoa hata hiyo. Sheria inashika kopo la krimu. Kopo langu la rangi haliguswi na sheria yoyote, na hilo ndilo linalokuja kwanza.

Yule mwanaume ninayemchora kwenye ukuta wa kinyozi sikuwahi kumwongezea nyeupe hata kijiko kimoja. Kwake yeye niliongezewa kazi ya mabega. Mabega, mkufu, saa, na nyuma yake gari. Nitamrudia baadaye.

Baada ya rangi, mikono. Kulikuwa na mwanasosholojia mmoja aliyezaliwa Kanada, Erving Goffman, ambaye katika miaka ya 1970 alikusanya mamia ya picha za matangazo ya Marekani akazipanga pamoja. Alichoangalia ni vitu vidogo ambavyo sisi tunavipita. Mkono wa mwanaume kwenye tangazo unashika: unashika usukani, chupa, chombo cha kazi. Mkono wa mwanamke unagusa tu, unapapasa pembeni mwa kitu kama mtu anayeogopa kukivunja. Mwanaume amesimama wima, mwanamke ameinamisha kichwa, ameegemea, amelala kwenye kochi. Mwanaume yuko juu, hata kama inabidi mwanamke akalishwe chini ili awe juu.

Mwalimu mmoja rafiki yangu aliponieleza hayo, tulitembea kwa miguu kutoka Kenya hadi katikati ya mji tukiangalia mikono tu. Bango la simu: kijana ameikamata simu, anazungumza mambo ya kazi, uso umekaza. Kando yake msichana ameishika ya kwake kwa ncha za vidole, anacheka. Bango la kiungo cha mboga: mama ameshika mwiko, hapo tu ndipo mkono wa mwanamke ulikamata kitu sawasawa. Bango la bia: mwanamke ameweka viganja kwenye bega la mwanaume. Tulipofika kwenye saluni niliyoichora mimi mwenyewe, nikautazama ule mkono uliowekwa shingoni, vidole laini, haujashika kitu. Chini yake, kwenye ngazi, msusi mwenyewe alikuwa amebana kichwa cha mteja magotini na vidole vyake vinakaza uzi mpaka mishipa imetoka. Niliwahi kupita pale mara mia bila kuiona tofauti hiyo.

Msidhani mambo haya yameletwa na simu za kisasa. Wazee mliopo hapa mnamkumbuka mamba muntu. Miaka ya 1970 nyumba nyingi za mji huu zilikuwa naye kwenye ukuta wa sebule, amechorwa kwenye kitambaa cha gunia la unga: nusu mwanamke, nusu samaki, mweupe, nywele ndefu, kitana mkononi, mara nyingine saa, na nyoka. Mwanaume akipata kitu chake anatajirika, lakini atoe siri yake au ampe mwanamke mwingine moyo, anapoteza vyote. Wachoraji walionitangulia walikula na kusomesha watoto kwa picha hiyo, na ninawaheshimu. Ila fikirini mtoto wa kiume aliyekula bukari, yaani ugali, kila siku chini ya picha inayosema mali ya mwanaume hutoka kwa mwanamke mweupe asiye mke wake, na kuangamia kwake pia.

Na sikilizeni hili. Huko Afrika Magharibi, ambako dada yake mamba muntu anaitwa Mami Wata, sura yake inayojulikana sana, ile ya mwanamke wa nywele ndefu aliyezungukwa na nyoka, ilienea kutokana na picha iliyochapwa Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880. Ilikuwa picha ya mwanamke anayecheza na nyoka mbele ya watazamaji, imechapwa kwa ajili ya maonyesho ya namna ya sarakasi. Mabaharia na wafanyabiashara wakaibeba, na mwaka 1955 ikachapwa upya Bombay kwa maelfu ili iuzwe Afrika. Karatasi ya kuvutia watu walipe kiingilio ikageuka sura ya pepo, watu wakaiombea na kuiogopa.

Kama mnadhani mambo ya kike na ya kiume yanatoka kwenye damu tu, nitawapa mfano wa sigara, kwa haraka. Marlboro ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1924 kama sigara ya akina mama, laini, ya kistaarabu. Kuna wakati ncha yake ilikuwa nyekundu ili rangi ya midomo isionekane. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni ikaona wanaume wanaogopa sigara zenye kichungi kwa kudhani ni za wanawake. Ikaenda kwa mtangazaji wa Chicago, Leo Burnett, naye akaweka mchunga ng'ombe kwenye farasi. Jina likabaki lilelile. Ndani ya miaka michache mwanaume aliyekuwa anaona aibu kuishika akawa anaona aibu kutoishika. Baadhi ya wanaume waliopigwa picha za matangazo hayo walikufa baadaye kwa magonjwa ya sigara.

Sasa nimrudie yule mwenye mabega.

Kabla haijawa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, Union Minière ya Wabelgiji ilikuwa inawachukua vijana kwa mikataba mifupi na kuwarudisha vijijini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadilisha njia. Ilitaka mfanyakazi akae, aoe, azae kambini, kwa sababu mwenye mke na watoto hatoroki, na watoto wake ni wafanyakazi wa kesho. Ikajenga nyumba, hospitali, shule. Ikagawa posho. Na ikaweka foyer social, ambako mama zetu na nyanya zetu walifundishwa kushona, kufuma, kupiga pasi, kupika, kulea mtoto mchanga. Waliyafurahia mengi ya hayo, na wapo hapa ambao wamesomeshwa kwa cherehani ya nyanya. Lakini wanawake hao walikuwa wametoka vijijini wakiwa wakulima, watu wenye shamba na ghala. Walipofika mjini wakaambiwa kazi ni ya mwanaume, na wao ni wa nyumbani. Kuanzia 1957 kampuni ikawa hata na gazeti lake la wafanyakazi, Mwana Shaba. Hivyo picha ikakamilika: baba na kofia ya kazi, mama na cherehani, watoto wenye sare safi. Kizazi kimoja tu kilitosha tuione kuwa ni mila ya babu zetu.

Halafu mshahara ukakatika. Miaka ya 1990 ilikuwa migumu, mnajua. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa chuo kikuu chetu, ametumia miaka mingi kukusanya kumbukumbu za familia za wafanyakazi wa migodi. Nani alilisha mji huu wakati huo? Makala, yaani mkaa wa kupikia, unga, sombe, mikate ya asubuhi, mashamba ya pembezoni, safari za Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Bamama. Hilo kila mtu hapa ameliona kwa macho. Lakini picha haikubadilika. Ukutani baba aliendelea kuwa na mabega na gari, na baba wa kweli alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, anajipima nayo.

Baba yangu hakuwa mtu wa Gécamines. Alikuwa fundi umeme kwenye kampuni ndogo iliyofungwa nikiwa na miaka 11. Baada ya hapo, kwa muda wa miaka minne, aliendelea kuamka saa 11 alfajiri, kunyoa ndevu, kuvaa koti na kutoka. Alirudi saa 10 jioni. Mama alikuwa anauza makala mbele ya nyumba. Kila usiku alichukua pesa ya siku, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti la baba lililotundikwa nyuma ya mlango. Asubuhi baba alitia mkono mfukoni, akatoa pesa, akampa mama mbele yetu akisema, “Hii ni ya chakula.” Mama akaipokea kwa mikono miwili. Noti zilikuwa na alama nyeusi za vidole vya mama.

Tulijua sote. Hakuna aliyesema neno. Nimeifikiria koti ile miaka mingi, na bado nasema yalikuwa mapenzi, tena mapenzi makubwa. Lakini walikuwa watu wawili waliochoka, na kila usiku iliwabidi wafanye kazi ya ziada ya kuitunza picha ambayo hawakuichora wao. Baba alikufa bila kukaa hata siku moja pembeni ya mama kumsaidia kupima makala. Alikuwa na nguvu za kufanya hivyo. Aliona mwanaume hafanyi.

Kwa hiyo mtu akiniambia jambo hili ni la wanawake, namwambia hapana, njoo nikuonyeshe koti la baba yangu. Uingereza, kuanzia Juni 2019, matangazo yanayomfungia mtu kwenye kazi fulani kwa sababu ni wa kike au wa kiume kwa namna inayoweza kuleta madhara yanakatazwa. Moja kati ya mawili ya kwanza kuondolewa lilionyesha akina baba wasioweza kuangalia watoto wao wachanga kwa dakika mbili. Kule waliona kwamba hilo pia ni kumdhalilisha mtu.

Juu ya habari nitasema kidogo tu. Tangu 1995, watu katika nchi nyingi duniani huchagua siku moja kila baada ya miaka mitano, wakahesabu nani anatajwa na nani anasikika kwenye habari. Mwaka 1995 wanawake walikuwa 17 katika kila watu 100. Mwaka 2020 walikuwa 25. Miaka 25 kwa hatua 8. Nanyi sikilizeni redio bei ya unga inapopanda. Mikrofoni inapelekwa sokoni, mama anaulizwa anateseka vipi. Kisha inarudi studio, bwana mmoja anaulizwa kwa nini bei imepanda. Mama yule amenunua unga wa Zambia kwa miaka 20, anajua mpaka wa nchi umefungwa lini, lori limekaa siku ngapi, dola imepanda kiasi gani. Hakuulizwa. Mwaka 2024, Judith Suminwa Tuluka alipoteuliwa kuwa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza katika nchi yetu, nilikuwa ndani ya taksi, na swali la kwanza nililolisikia lilikuwa, “Bwana yake ni nani?” Aliyeuliza alikuwa msichana wa umri wenu, na wala hakuwa na ubaya. Aliuliza alichozoea kusikia kikiulizwa.

Wanafunzi wameniuliza katika barua ileile: wewe umefanya nini? Nitawajibu kwa kazi moja.

Mama mmoja wa Ruashi alifungua mashine ya kusaga mahindi. Kumbukeni kwamba kwa Sheria ya Familia ya 1987 mke alihitaji ruhusa ya mume wake kwa mikataba mingi. Kifungu hicho kiliondolewa mwaka 2016 tu. Mama huyu alifungua yake baada ya hapo, kwa pesa yake. Akaniita nimchoree ukuta. Nikamuuliza anataka nini. Akasema nichore kijana mwenye nguvu anamimina mahindi, na mama mzuri anapokea unga kwenye beseni.

“Nani anamimina mahindi hapa?” nikamuuliza.

“Mimi.”

“Mkanda ukikatika?”

“Naufunga mimi. Fundi anakuja injini ikigoma kabisa.”

“Basi nikuchore wewe.”

Akacheka, akakataa. Watu watasema hana mume. Watu watasema anajionyesha. Nikamwambia sitadai pesa mpaka aone, na asipopenda nitafuta. Nilichora kwanza mikono, spana kwenye mkono wa kulia, vidole vimekaza. Nikachora miguu imekanyaga chini sawasawa. Ilipofika zamu ya ngozi nikafungua makopo, na kijiko kikaenda chenyewe kwenye nyeupe. Kwa miaka 33 kimejua njia. Nikakirudisha. Nikageuka nimtazame mama mwenyewe ili nipate rangi yake, nikakuta haonekani: alikuwa amesaga tangu asubuhi, unga umemfunika uso na mikono, mweupe kuliko msichana yeyote niliyewahi kumchora.

“Mama,” nikasema, “siioni rangi yako.”

Akaacha injini ikinguruma, akaenda kwenye ndoo iliyokuwa karibu na mlango, akanawa mpaka kwenye viwiko. Akaja akanyosha mkono mmoja mbele yangu, maji yanadondoka, akaushikilia hapo bila kutikisika mpaka nilipomaliza kuchanganya.